Ngoma Haina Mlango: Fedha za Sanaa Zinavyopita Dodoma

Mwaka juzi nilikuwa mjumbe wa kamati ya harusi moja, Ipagala, hapa Dodoma mjini. Kikao cha nne, saa tatu usiku, tulikuwa tumeshapitisha ukumbi, chakula, mapambo, keki, mpiga picha, MC na muziki. Daftari la katibu lilibakiza mistari mitatu, na mmoja ulisomeka: ngoma ya asili, 300,000. Mwenyekiti akauliza kama hiyo nayo ni ya lazima. Shangazi wa bwana harusi, mama wa Kigogo asiyependa kuzunguka mbuyu, akamjibu kwamba harusi bila muheme ni kikao kama hiki, tofauti ni nguo tu. Tukacheka, tukakubali, kisha tukakata nusu: laki moja na nusu, "na watakula". MC alikuwa ameandikiwa laki nane na hakuna aliyefungua mdomo. MC ni mtu mmoja. Kikundi cha muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, kilikuwa na watu kumi na wanane.

Siku yenyewe MC alifanya kazi yake, watu wakala, wengine wakachezea simu. Halafu wale akina mama wakaingia, ngoma wamezibana mapajani, na ukumbi mzima ukasimama. Wazee waliokuwa wanasinzia wakaamka. Noti zikaanza kubandikwa vipajini mwa wapigaji: elfu moja, elfu mbili, tano, kumi. Walipotoka, kiongozi wao alikuwa na kapu lenye laki mbili na ushei za kutunzwa. Yaani wageni, bila kuombwa, walitoa zaidi ya kile tulichokitolea jasho kwenye kikao.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu majibu yaliyozoeleka hayafiki. Tunaambiwa sanaa ya asili hailipi kwa kuwa watu hawathamini utamaduni wao. Lakini wale waliobandika noti walikuwemo wajumbe wetu, akiwemo mwenyekiti aliyeuliza kama ngoma ni ya lazima. Tunaambiwa wasanii hawajui biashara. Inawezekana, ila hata wale wanaoijua biashara sawasawa wanagonga ukuta uleule. Kitu kinachopendwa kuliko vyote ukumbini ndicho kilicholipwa kidogo kuliko vyote kwa kichwa: gawanya laki moja na nusu kwa watu kumi na wanane, unapata elfu nane na mia tatu hivi, na nauli ya kutoka Buigiri bado haijatolewa.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba bei haipimi utamu. Bei hupima kitakachotokea usipolipa. MC usipomlipa haji, na asipokuja hakuna wa kuwatambulisha wazazi, kuita meza zikachukue chakula, wala kumnyamazisha mjomba aliyekunywa. Keki usipolipa hailetwi. Muheme je? Usipolipa kikundi, shangazi watatu na majirani zao wa Chamwino watakuja kama ndugu, watapiga, na ukumbi utasimama vilevile au karibu na vilevile. Mnunuzi anayejua kwamba kitu anaweza kukipata kwa njia nyingine hatoi bei ya thamani yake. Anatoa bei ya ile tofauti ndogo iliyopo kati ya kikundi na shangazi.

Na kwa nini shangazi wanapiga bure? Hawapigi bure. Kijijini ngoma ilikuwa na malipo yake, ila malipo hayo hayakuwa noti. Uliwapigia watu wa kaya hii kwenye jando la mtoto wao, ukala, ukanywa, na siku yako ikifika wao ndio watakuja kwako. Lilikuwa deni linalozunguka, na kila mtu alikumbuka nani anamdai nani. Mfumo huo unadai jambo moja: watu wakae pamoja muda mrefu wa kutosha deni lirudi. Sasa angalia mtaa wangu. Kushoto yuko mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Kulia mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma kutoka Kagera. Mbele fundi wa Mbeya anayefuata majengo. Nikiwapigia ngoma leo, kesho wamehamishwa. Deni halirudi, basi inabidi litolewe taslimu. Soko la ngoma katika mji huu halikuzaliwa kwa sababu watu wamekuwa na tamaa. Limezaliwa kwa sababu majirani hawakai.

Kutunza, yaani kule kubandika noti, ndiko daraja kati ya mifumo hiyo miwili, na wachumi wangepaswa kukutazama zaidi ya wanavyofanya. Mwenye ukumbi wa tamasha huuza tiketi za kawaida, VIP na meza ili mwenye nacho atoe zaidi bila kumfukuza mwenye kidogo. Anafanya hivyo kwa kubahatisha, kwa kuwa hajui nani yuko tayari kutoa nini. Kutunza kunaondoa kubahatisha: kila mtu anajipangia bei yake mwenyewe, hadharani, mbele ya wakwe. Aibu na sifa ndizo zinazokusanya kiingilio. Mtu ambaye angepigania shilingi elfu mbili langoni atabandika elfu kumi kipajini akiwa anapigwa picha.

Kasoro yake ni kwamba mapato hayo yanashikiliwa na mtu mwingine. MC akisema "tunawashukuru sana akina mama, muda wetu hautoshi", kapu limefungwa. Dakika kumi za muheme na dakika arobaini za muheme ni fedha tofauti kabisa, na anayezigawa dakika ni MC. Nimeanza kumwangalia MC kwa jicho hilo tangu siku ile: ndiye mwenye mlango. Mwenye mlango si lazima awe na kipaji kuliko anayeingia. Anatakiwa awe mahali ambapo hakuna anayepita bila yeye.

Shikilia neno hilo, mlango. Ngoma ya uwanjani haina mlango. Sauti yake inavuka uzio, inasikika mpaka barabarani, na anayesikiliza akiwa juu ya bodaboda hapunguzi chochote kwa anayesikiliza mbele. Kitu cha namna hiyo ni kigumu kukiuza hata kama kila mtu anakipenda, kwa kuwa asiyelipa naye anapata. Biashara nzima ya sanaa duniani, kuanzia jumba la opera hadi programu ya simu, ni juhudi za kutafuta mahali pa kujenga mlango. Na historia yake ni historia ya watu wanaojenga milango ambayo msanii hana ufunguo wake.

Lakini tuseme kikundi kimepata mlango. Bado kuna tatizo lingine ambalo halitatuliki kwa ujanja wa biashara, na hili ndilo naliona gumu zaidi.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini makundi ya muziki na maigizo yalikuwa yanazidi kuelemewa na gharama hata watazamaji wasipopungua. Hoja yao haihitaji hesabu. Muziki ulioandikwa kwa vyombo vinne miaka mia mbili iliyopita bado unahitaji watu wanne na dakika zilezile. Hakuna mashine itakayowafanya wanne hao waupige mara kumi zaidi kwa siku. Kazi nyingine zote, lakini, zinaharakishwa na mashine, na mishahara ya huko inapanda.

Tuyalete haya Ugogo. Bibi zetu walisaga uwele na mtama kwenye jiwe, asubuhi nzima kwa chakula cha siku moja. Leo mtoto anapelekwa mashineni na debe, anarudi kabla chai haijapoa. Unga umekuwa rahisi ukiupima kwa muda wa mtu. Muheme haukupata mashine yake. Akina mama kumi na wanane wa mwaka 1970 na kumi na wanane wa leo wanatumia nusu saa ileile, mazoezi yaleyale, jasho lilelile. Kilichobadilika ni thamani ya muda wao. Mama yuleyule leo angeweza kuwa kwenye shamba la zabibu anavuna kwa ujira, au anapika wali kwa mafundi wanaojenga Mji wa Serikali Mtumba, au ana genge lake Majengo. Kila kazi ya mjini inayopanda inapandisha gharama ya kumtoa mama huyo nyumbani aje apige ngoma. Upande wa pili, DJ anaongeza spika, kompyuta yake mwaka huu ni rahisi kuliko ya miaka kumi iliyopita, na nyimbo zote za dunia ziko mfukoni. Kwa hiyo ngoma inazidi kuonekana ghali mbele ya DJ ingawa wapigaji hawajapandisha chochote. Hakuna aliyekosea. Ni hesabu inayokwenda hivyo yenyewe.

Kinachotokea, mara nyingi, si kikundi kufa. Kinapunguzwa. Watu thelathini wanakuwa kumi na wanane, kumi na wanane wanakuwa wanane, wanane wanakuwa wanne na spika ya blututhi. Kwa mwenye kamati ni kubana matumizi tu. Kwa muziki wenyewe ni kitu kingine, maana uimbaji wa Kigogo ni wa sauti nyingi zinazoshikana, moja ikipanda nyingine ikiishika kwa chini. Ukiondoa watu kumi hujapunguza sauti, umebadilisha wimbo. Ni kama kumwambia mpishi apike pilau ileile bila binzari ili bajeti itoshe. Anaweza. Utakula. Ila jina la chakula hicho si pilau.

Msimu nao una mkono wake. Mvua za kwetu ni chache, kati ya Desemba na Aprili hivi, na kilimo chote kimebanwa humo. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi ni kirefu na muda wa watu ni mwingi. Ndipo jando lilipofanyika, harusi zilipofungwa, makundi yalipotembeleana. Ngoma ilinawiri wakati muda ulipokuwa rahisi. Mji haujui kiangazi. Mgeni rasmi anakuja Februari katikati ya palizi, anataka ngoma uwanjani saa mbili asubuhi, na kikundi kinaacha shamba. Malipo ya ngoma ya Februari yangepaswa kuwa makubwa kuliko ya Agosti, na sijaona mwandaaji hata mmoja anayelifikiria hilo.

Njoo sasa kwenye zeze. Kabla ya redio, kila eneo lilikuwa na bingwa wake. Mpiga zeze hodari wa Mpwapwa hakumnyima riziki mpiga zeze wa kawaida wa Bahi, kwa kuwa watu wa Bahi hawakuweza kumsikia yule wa Mpwapwa. Umbali ulikuwa ukuta unaomlinda mdogo. Redio ikautoboa ukuta huo, kaseti ikaupanua mwanya, na simu imeubomoa. Mchumi Sherwin Rosen alieleza mwaka 1981 kinachofuata: pale ambapo mtu mmoja anaweza kusikilizwa na wote kwa gharama karibu ileile, tofauti ndogo ya kipaji, au ya bahati, inazaa tofauti kubwa mno ya kipato. Kwa nini umsikilize wa pili wakati wa kwanza yupo kwa bando lilelile? Wa pili anaweza kuwa nyuma ya wa kwanza kwa unywele mmoja, na bado akalima.

Watu huniambia mtandao umeleta usawa, kwamba kijana wa Kongwa na staa wa Dar es Salaam wako kwenye YouTube ileile. Kupanda jukwaani, ni kweli, wote wanapanda. Tazama malipo. YouTube inampa mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video yake, lakini kabla ya hapo inamtaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Na tangazo linalipwa kufuatana na mtazamaji aliko: anayetangaza bidhaa yuko tayari kutoa zaidi kumfikia mtu wa Marekani kuliko mtu wa Mvumi, hata kama wa Mvumi ametazama mara ishirini. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki lililofunguliwa Tanzania mwaka 2021, iliweka utaratibu kuanzia 2024 kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka hauhesabiwi kwenye mgao. Kwa staa hiyo ni kazi ya saa moja tu. Kwa wimbo wa ilimba, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, ulioimbwa kwa Kigogo, inaweza kuwa mwaka wote.

Majukwaa mengi, tena, hayamlipi msanii kutoka mfukoni mwa msikilizaji wake moja kwa moja. Fedha zote za nchi au kundi la wateja zinamiminwa kwenye chungu kimoja, kisha zinagawanywa kwa sehemu ya usikilizaji. Mzee wangu akilipia mwezi mzima na akasikiliza zeze peke yake, sehemu kubwa ya alicholipa inakwenda kwa wale wanaosikilizwa zaidi na wengine. Ukimweleza hivyo anadhani unamtania.

Ulizeni basi mpiga zeze wa Kigogo aliyejulikana kuliko wote duniani aliishi kwa nini. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Ugogo, hakulelewa na soko. Mwalimu Nyerere alipenda muziki wake na akamwita Dar es Salaam. Baadaye maisha yake yakawa Bagamoyo, kulikokuwa na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi, ikamlipa apige na afundishe. Akiwa na msingi huo ndipo akasafiri, akarekodi na lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel nchini Uingereza, iliyotoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo mwezi Desemba 2003. Sisemi hivi kuisifu serikali kwa kila kitu. Mnunuzi mmoja ana hatari zake, naye anapochoka au anapobadilisha sera hakuna wa pili. Ninachosema ni kwamba muziki wa nyika ya Dodoma ulipata jina duniani ukitokea pwani, kilomita mamia kutoka ulikozaliwa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na dirisha la mshahara.

Tangu mwaka 2009 Chamwino imekuwa na tamasha lake la muziki wa Kigogo, linalokusanya makundi ya vijijini. Sioni kama faida yake kubwa ni fedha ya siku hiyo. Faida ni kwamba makundi yanasikilizana, na mnunuzi anajua aende wapi. Sanaa ni bidhaa ambayo huwezi kuijua kabla ya kuila. Kukodi kikundi usichowahi kukisikia ni kununua mbuzi kwenye gunia, na mnunuzi mwenye hofu ya gunia hutoa bei ya mbuzi aliyekonda hata kama ndani kuna beberu. Tamasha linafungua gunia.

Kuhusu sheria nitakwenda polepole kidogo, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Sawa. Sasa mtunzi wa muheme ni nani? Hayupo. Au ni marehemu elfu moja. Wimbo wa jando ambao kila kaya ina ubeti wake hauna mtu wa kuandikwa kwenye fomu, na sheria ya hakimiliki inataka mtu. Kwa hiyo kijana wa studio akichukua kipande cha muheme, akakiwekea mdundo na kuimba juu yake, wimbo mpya una mwenyewe mwenye jina. Mlango umejengwa mbele ya nyumba ya ukoo, na ufunguo uko kwa mpangaji.

Sheria hiyo haikulisahau jambo hili kabisa. Ina sehemu inayozungumzia sanaa za jadi, na inataka anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila apate kibali, mamlaka husika ikiwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ni wazo zuri. Lakini angalia linavyokaa: anayetoa kibali ni chombo cha taifa, na mama wa Buigiri ambaye mkono wake ndio uliobaki na mdundo huo hayupo mezani. Unaweza kusema ni haki, kwa kuwa mila ni ya wote. Mimi naona "ya wote" ni maneno matamu yanayomlipa asiyepiga.

Kuna haki nyingine ambayo wapigaji wengi hawaijui, ile ya aliyerekodi. Rekodi ina mwenyewe, na mwenyewe si lazima awe aliyeimba. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika na vifaa vyake vya kunasa sauti, akawarekodi na Wagogo. Sauti hizo ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Sina kinyongo naye. Bila yeye zeze za wakati ule tusingezisikia. Lakini kisa hicho kinaonyesha vizuri kanuni: mwenye mashine ndiye mwenye rekodi, na rekodi ndiyo inayovuka miaka. Leo mashine ni simu. Kijana anayekuja kwenye harusi na simu nzuri, akapandisha muheme kwenye akaunti yake, amejenga mlango mdogo bila mtu kumuuliza. Vikundi vichache vimeanza kupandisha video zao wenyewe. Vingi bado vinafurahi "kurushwa".

Nitoke kidogo kwenye ngoma niende Kondoa, kwa sababu michoro ya miambani ni mfano safi wa kitu chenye thamani kisicho na bei. Mapango na majabali ya eneo la Kolo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Yako zaidi ya mia moja na hamsini yenye michoro, iliyochorwa na watu ambao majina yao yamepotea. Huwezi kuyauza, huwezi kuyahamisha, na mtu akiyatazama hayaishi. Hapa mlango upo, ofisi ya Kolo na tiketi yake, ila tiketi si sehemu kubwa ya uchumi huo. Fedha iko pembeni: dereva, mwongozaji, mgahawa, kitanda cha Kondoa mjini, mafuta ya gari. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilifanya makubwa kwa michoro hiyo bila kugusa mwamba hata mmoja, na ilileta kinyume pia: gari linaweza sasa kupita Kolo kwa kasi bila kusimama. Na ndani ya eneo hilohilo, pale Mongomi, bado watu wanakwenda kwa matambiko yao. Kwao lile ni pahala pa kuombea mvua na uzima. Weka hilo kwenye jedwali la mapato uone kama lina safu.

Narudi mjini. Dodoma ina mnunuzi mmoja mkubwa wa ngoma, na kila kikundi kinamjua: taasisi za umma. Uzinduzi, maadhimisho, mapokezi ya wageni, mikutano ya bajeti inayoleta umati kati ya Aprili na Juni. Mnunuzi mmoja akiwa mkubwa hivyo, yeye ndiye anayepanga bei, na bei aliyozoea kuipanga inaitwa posho. Posho si ujira. Ujira unajadiliwa, posho inatolewa, na anayepokea anashukuru. Neno hilo peke yake limegharimu vikundi vya Dodoma fedha nyingi.

Halafu kuna karatasi. Taasisi haiwezi kumlipa mtu kama kamati ya harusi inavyolipa, mkononi, nyuma ya ukumbi. Inataka TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki ya kikundi, usajili wa BASATA, ankara, na inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Kila kimoja kina sababu yake. Vikiwa pamoja vinakuwa mlango, na kikundi cha kijijini kisicho navyo kinapita kwa mtu wa kati mwenye navyo. Mtu huyo anaandika ankara, anapokea, anatoa chake, anawapelekea kilichobaki wiki au miezi baadaye. Mwaka fulani niliwasindikiza akina mama wa kikundi kimoja kufuatilia malipo ya shughuli iliyokuwa imeisha zamani. Tulikwenda mara tatu. Nauli ya safari hizo ilikula karibu robo ya walichodai, na mara ya tatu tuliambiwa jina la kikundi kwenye ankara na jina kwenye akaunti yanatofautiana kwa herufi moja. Ilikuwa kweli. Herufi "h".

Mwezi uliopita niliingizwa tena kwenye kamati, safari hii Nkuhungu, nikapewa kazi ya kumpigia kiongozi wa muheme wa ile harusi ya Ipagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Siku hizi tuna bei mbili."

Ya kwanza ilikuwa laki tatu: kikundi kinaingia mara mbili, jumla dakika arobaini, saa iandikwe kwenye ratiba, na kapu la kutunzwa ni lao bila MC kuligusa. Ya pili ilikuwa laki saba kwa wale wasiotaka watu wabandike noti ukumbini, kwa sababu siku hizi kuna maharusi wanaoona ni ushamba. Nauli mbali. Nusu itangulie kwa simu. Na anayerekodi arekodi, ila kikundi kipate video.

Nikamuuliza nani amewafundisha kupanga hivyo. Akacheka sana.

"Nani atufundishe? Tulihesabu noti."

Kamati ilichagua bei ya kwanza, baada ya mabishano mafupi kuliko nilivyotarajia. Katibu akaandika upya ratiba ya MC: muheme, saa tatu na nusu, dakika ishirini; muheme, saa tano kasoro robo, dakika ishirini. Shangazi mwingine, maana kila kamati ina wake, akaichukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya zote mbili.